Tusivunje Yote

Maneno yaliyosemwa siku ya kuvunja, yaani kugawana akiba ya mwaka, katika kikundi cha kuweka na kukopa, kata ya Pasua, Moshi. Msemaji ameyaandika upya mwenyewe kwa ombi la wanachama ambao saa ile walikuwa jikoni.

Mwenyekiti wetu, mtunza hazina, mwenyekiti wa mtaa, dada yetu afisa maendeleo ya jamii uliyetoka manispaa, meku wangu wawili, wazee wa kwetu, mliokaa mlangoni kama walinzi, kina mama wenzangu. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam alaykum. Shimboni. Nadhani nimewafikia wote, asinung'unike mtu.

Nimepewa dakika ishirini, na mwenyekiti ananijua: ameshavua saa yake kaiweka mezani. Najua pia kwamba hakuna aliyekuja kunisikiliza mimi. Sanduku lile pale. Tangu nisimame mmelitazama kuliko mnavyonitazama, na siwalaumu, hata mimi jicho linakwenda lenyewe. Bati la bluu, rangi imebabuka pale mkono unaposhikia, kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wanawake watatu wa mitaa mitatu, ambao wawili kati yao, tusifichane, hawasalimiani vizuri. Ndiyo maana tuliwachagua.

Leo tunavunja. Wiki hamsini tumeleta hisa, jua na mvua, na wengine mmeleta hisa moja moja mkiwa mmetoka kuzika. Leo kila mtu anaondoka na chake. Ni siku nzuri, na mimi nimekuja kuiharibu kidogo.

Nina daftari hapa. Ni la Desemba 2016, limeliwa na panya pembeni lakini hesabu zinasomeka. Mwaka ule nilikuwa naweka hisa tatu kwa wiki, hisa moja shilingi 5,000. Wiki hamsini, hisa 150, yaani 750,000. Riba za mikopo na faini zilipogawanywa, kila hisa ikatoka na 6,400. Nikabeba nyumbani 960,000. Sikuwahi kushika hela kama hiyo kwa mara moja. Nilirudi kwa bajaji peke yangu, nimekumbatia mkoba kama mtoto mchanga.

Sasa sikilizeni ilivyokwenda. Deni la dukani kwa Mangi, 85,000. Ubarikio wa binti wa jirani, 50,000. Harusi mbili, moja nilitoa kadi ya dabo, ya watu wawili, na nyingine ya singo, 150,000, na kitenge cha sare 45,000, maana huwezi kukaa meza ya ukoo umevaa tofauti kama umekodishwa. Nauli na mizigo kwenda Rombo, 60,000. Mbuzi tulichangia na kaka yangu, sehemu yangu 80,000. Nguo na viatu vya watoto, 110,000. Mchele, mafuta, soda, na mbege ya wazee, 130,000. Daftari, sare na michango ya shule, 190,000. Mdogo wangu aliniomba 50,000 za kurudisha mwezi wa pili. Hapa nimeandika "bado", na bado ni bado.

Jumlisheni. Ni 950,000. Tarehe 8 Januari nilikuwa na noti moja ya elfu kumi.

Tazameni vizuri, humo ndani hamna upuuzi. Sikunywa, sikununua simu. Kila mstari ukiusoma peke yake unasema huyu mama ana akili, ana utu. Lakini tarehe 9 belo la mitumba limefika soko la Memorial, mwenzangu ananiambia tuchangie, na mimi mtaji sina. Nikaenda kwa watu fulani, siwataji, wana kiofisi chenye meza moja na kalenda. Wakanipa 200,000. Nikarudisha 10,000 kila siku kwa siku thelathini. Siku hizi tunaiita kausha damu. Enzi zile haikuwa na jina, tuliiita tu "kwa wale". 300,000 kwa kukopa 200,000, mwezi mmoja. Ile riba ya kikundi niliyoipata kwa mwaka mzima wa kuweka, 210,000, nusu yake ilikwenda kwa wale kabla ya Februari kuanza vizuri.

Nikawa nimerudi pale pale nilipokuwa mwaka uliotangulia. Na mwaka uliotangulia huo nilikuwa nimerudi pale pale nilipokuwa mwaka wa nyuma yake. Nilikuwa kwenye vikundi miaka tisa, jamani. Miaka tisa ya nidhamu, na sina hata tofali.

Ndipo nikaanza kujiuliza swali ambalo ndilo lililonisimamisha hapa leo. Watu wanasema maskini hajui kuweka. Uongo. Hawa kina mama wa Pasua wanaweka kuliko mameneja. Tunaweka kwenye kikundi, tunacheza mchezo sokoni, kila siku tunampelekea kijumbe, mshika hela wa mchezo, elfu tano, na asubuhi kijumbe anajua nani anaumwa kabla ya mume wake. Kuweka tunajua. Shida yetu ni kwamba kila tunachokiweka tumekiwekea tarehe ya kukivunja.

Na msinielewe vibaya kuhusu kuvunja kwenyewe. Kuvunja ni kuzuri. Ndiyo siku mtunza hazina anapojulikana kama ni mwaminifu au ni mwimbaji tu. Kikundi kinacholimbikiza hela miaka mitano sandukuni bila kuvunja kinatafuta mwizi, na kitampata. Tuvunje kila mwaka, tuhesabu, tuanze upya. Nasema tu, tusivunje yote.

Hebu niwarudishe nyumbani kidogo. Mimi nimezaliwa Rombo, Mashati. Baba yangu alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, kidogo, wala msifikirie shamba la mzungu: migomba, kahawa, mfereji unapita kwa zamu, na masale kwenye mpaka ambayo ukiyang'oa umetangaza vita. Kahawa ilipoanguka bei, baba aliuza mbuzi. Akauza ng'ombe. Mwaka mmoja aliuza mpaka baiskeli, tukawa tunabeba ndizi kichwani kwenda sokoni. Kihamba hakukiuza. Mimi nikiwa mtoto nilidhani ni kwa sababu baba alikuwa mtu wa msimamo.

Baba hakuwa mtu wa msimamo hata kidogo, Mungu amrehemu. Ukimnywesha mbege mtungi mmoja angekuuzia viatu vyake. Kihamba hakikuuzwa kwa sababu hakikuwa chake peke yake. Angeanza kukiuza, wajomba wangekuja, baba wakubwa wangekuja, wazee wangekaa chini ya mgomba mpaka jioni, na mnunuzi mwenyewe angeogopa kuoteshwa ndoto. Kihamba kilikuwa na kufuli tatu. Ndiyo maana leo, baada ya njaa zote zile, kipo.

Lakini hakipo kwangu. Kwetu, mnajua, nyumba ya baba inabaki kwa kitindamimba wa kiume. Mimi ni wa tatu, na ni mwanamke. Sheria za ardhi za 1999 zinasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, na nawaombeni mabinti mzijue sheria hizo, dada yetu wa manispaa atawaelekeza. Ila mimi sikutaka kumshtaki kaka yangu. Nilitaka kihamba changu.

Basi nikauliza: kitu gani mwanamke anayeuza mitumba Memorial anaweza kukipata kidogo kidogo, kinachokua chenyewe kama mgomba, na ambacho saa nane ya usiku, mtoto anapolia au shemeji anapopiga simu, mkono wangu peke yangu haukifikii?

Kwanza niliambiwa kiwanja. Sikatai kiwanja. Ila kiwanja hakinunuliwi kwa elfu hamsini, na nimeona watu wawili wakiuziwa kiwanja kimoja pembezoni mwa mji huu, wote wana karatasi, wote wanalia. Ukifika uwezo wa kiwanja, nunua, pita serikali ya mtaa, pita ardhi manispaa, usinunue kwenye boneti ya gari. Mimi nazungumza na ambaye hajafika huko.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, ndiye aliyeniambia habari ya vipande. Nilidhani anazungumzia vitenge. Kumbe ni mifuko ya uwekezaji ya UTT, kampuni ya serikali iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Mfuko wa kwanza, ule wa Umoja, ulianza 2005, mimi niko sokoni sina habari. Inavyofanya kazi ni hivi, na mtaona si ngeni: watu wengi wanaleta hela zao ndogo, zinakuwa kapu moja kubwa. Wenye kazi yao wanalipeleka lile kapu kwenye hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali, kwenye amana za benki, na mifuko mingine kwenye hisa. Kapu linagawanywa vipande. Kapu likinona, kipande chako kinanona. Ni kikundi, kina mama, ni kikundi chetu hiki hiki, ila chenye wanachama nchi nzima, na hakivunjwi Desemba. Ukitaka hela yako unauza vipande, unajaza fomu au unatumia simu, na unasubiri siku kadhaa za kazi mpaka iingie benki. Vijana wanalalamika kwamba inachelewa. Mimi ule uchelewaji ndio niliununua. Shemeji hawezi kusubiri siku tatu. Akisubiri siku tatu, shida yake inakuwa imepata mtu mwingine.

Mjukuu wangu alinipigia hesabu kwa simu yake nikamwambia arudie, nilidhani anacheza. Shilingi elfu moja kwa siku ni 365,000 kwa mwaka. Ukiiweka chini ya godoro miaka 20, ni 7,300,000. Ukiiweka mahali panapoongeza asilimia 10 kwa mwaka, na faida ukaiacha nayo izae, ni karibu milioni 21. Nilipiga kelele. Halafu yule mwalimu akanimwagia maji baridi, na nawamwagia na ninyi, maana wauzaji wengi huishia hapo kwenye milioni 21. Miaka 20 ijayo kilo ya sukari haitakuwa bei ya leo. Bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, na miaka hii zimekuwa zikipanda kama asilimia 3, nimeongeza moja kwa woga wangu, basi ile milioni 21 itakuwa na nguvu ya kama milioni tisa na nusu za leo. Na ile ya godoroni itakuwa na nguvu ya milioni tatu na kitu. Kwa hiyo si utajiri wa kwenye sinema. Ni nyumba ya vyumba viwili mahali fulani, au uzee usioomba chumvi. Mimi naona inatosha. Na hiyo asilimia 10 haijaandikwa mbinguni. Kuna mwaka itazidi, kuna mwaka itapungua.

Sasa hiyo elfu moja itoke wapi? Hapa naomba tuheshimiane. Nimesikia semina nyingi, mtu ametoka mjini na kompyuta anatuambia tuache chai na andazi. Anayesema maskini aache chai hajawahi kuamka saa kumi kuwahi mzigo. Kunyweni chai. Kwetu hela haitoki kwa matone, inatoka kwa ndoo, na ndoo yenyewe ni Desemba na kadi za michango. Mwaka ule wangu wa 2016, kadi na sare peke yake ni 245,000. Sisemi usimchangie mtu. Mji huu ukiacha kuchangia, siku ya msiba utazika na mume wako tu, na yeye mgongo unamuuma. Ila kadi ya dabo inaweza kuwa singo, na singo inaweza kuwa elfu ishirini na mikono miwili jikoni. Mimi nimeshamenya ndizi za harusi tatu badala ya kutoa dabo, na nilialikwa ndafu kama wengine. Hakuna aliyeniuliza.

Nilivyofanya mimi, tangu 2017, ni hivi. Siku ya kuvunja, kabla sijafika nyumbani, robo haifiki nyumbani. Ni robo ya kila kitu, sigusi. Mwaka wa kwanza nilikosea, na kosa lenyewe nataka mlichukue bure. Nilipeleka robo yote kwenye vipande, nikarudi najipiga kifua. Januari ikaja. Mtaji tena sina. Nikarudi tena kwa wale, nina vipande mkononi na kausha damu shingoni, kama mtu anayejaza pipa lililotoboka. Yule mwalimu alicheka mpaka akakaa. Akaniambia: robo ya kwanza ni ya Januari. Robo ya kwanza haiendi kwenye uwekezaji wowote, inakwenda kukulinda usikope. Ikae benki, au kwenye ule mfuko wa ukwasi wa UTT ambao hela yake inatoka kirahisi zaidi. Ukishavuka Januari moja bila kwenda kwa wale, ndipo robo inayofuata iende kwenye kihamba.

Maana hesabu ni nyepesi, haihitaji mjukuu. Hakuna kitu halali katika nchi hii kitakachokupa asilimia 50 kwa mwezi, lakini kuna watu watakaokutoza. Kuanzia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na kanuni zake, mkopeshaji mdogo mwenye leseni ya Benki Kuu ana kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 yangu ile, hiyo ni 7,000 kwa mwezi. Mimi nilitoa 100,000. Kwa hiyo ukienda kukopa, omba kuona leseni, na mkataba usome au usomewe. Hata hizi za kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, zile zinazowapigia simu majina yote ya kwenye simu yako kuwaambia wewe ni mdaiwa. Binti mmoja hapa, simtaji, walimpigia mpaka mchungaji wake.

Kuna na mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Dada yetu yuko hapa, mfuateni baada ya chakula. Mimi neno langu ni moja tu juu yake: huo ni mtaji, unarudishwa. Msije mkauvunja Krismasi.

Naomba niseme kidogo na wenzetu wa TASAF, maana wako humu na huwa wanakaa nyuma. Hela ya kaya maskini imekuwa ikija kila baada ya miezi miwili, na ukiigawa kwa siku ni chenji. Najua. Nimemwona mwenzetu mmoja akianza na makoo matatu ya kuku wa kienyeji kwa hela hiyo, akinunua hisa moja ya kikundi kila wiki kwa mayai. Leo ana mbuzi wanne na bati limeisha kuezekwa. Lakini alinifuata kwa siri akaniuliza, "Dada, nikiezeka si watanitoa?" Swali hilo msilicheke. Mpango wenyewe unasema kaya ikishaimarika inahitimu, inatoka, na mtu anayekula kwa hela ile ana haki ya kuogopa. Nilimjibu hivi: ruzuku ni ya serikali, ikitaka itakwisha bila kukuuliza. Mbuzi ni wako. Usikae bila bati ili usitolewe kwenye kitu ambacho si chako. Aliezeka. Bado anapokea, na siku ikikoma hatalala njaa.

Mwenyekiti naona saa. Niwakimbize kwenye mengine.

Hati fungani. Hizi ni kuikopesha serikali. Kiwango cha kuanzia ni milioni moja, unanunua kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, na serikali inakulipa riba kila miezi sita. Aprili 2021 ilitoka ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95. Aliyeweka milioni moja siku ile anapokea 79,750 kila miezi sita mpaka 2046, na milioni yake anarudishiwa mwishoni. Mwaka uliofuata riba ya hati mpya ilishushwa, lakini aliyekwisha kununua hakuguswa. Milioni moja kwa mmoja wetu ni nyingi. Ila watu watano mnaoaminiana, wenye katiba na akaunti ya pamoja? Fikirieni, mimi sijafika huko, ndiyo safari yangu.

Hisa za kampuni. Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya biashara tangu 1998, na sasa unanunua kwa simu. NMB waliuza hisa kwa umma 2008 kwa shilingi 600, CRDB 2009 kwa shilingi 150, na aliyezishika mpaka leo anatabasamu peke yake barabarani. Lakini ile ya CRDB ilishuka chini ya 150 na kukaa huko miaka, na waliouza wakati ule walilia. Waliozikimbilia za Vodacom 2017 kwa 850 waliziona zinashuka. Kwa hiyo hisa si mahali pa ada ya mwakani. Ni mahali pa hela ambayo umeshaisahau, na sisi hela ya kusahau bado hatuna nyingi.

NSSF wanapokea waliojiajiri, si lazima uwe na mwajiri. Wauzaji sokoni, bodaboda, mama lishe. Ulizeni ofisi yao hapa mjini viwango vya sasa, na muulize hasa kuhusu pensheni ya uzeeni, msiishie kwenye fulana wanazogawa.

Na kuna hawa wanaokuja na neno tamu. Mnakumbuka DECI, ule upatu wa 2009? Watu wa mji huu walipanga foleni kupanda mbegu, waumini kabisa, na wa kwanza walivuna kweli, ndiyo maana wa mwisho walileta na hela za ng'ombe. Serikali ikaifunga, mbegu zikabaki ardhini. Kila baada ya miaka michache inarudi kwa jina jipya, siku hizi iko WhatsApp na inatumia picha za wazungu. Swali langu kwao ni lile lile: hii hela inazalishwa na nini? Kikundi chetu nikiulizwa, najibu: ni riba ya mama fulani aliyekopa akauza dagaa. Vipande, najibu: ni riba ya serikali na benki. Mtu akikujibu, "Wewe lete watu wengine wawili," ondoka, hata kama ni shemasi. Na anayejiita mwekezaji wa hela za watu lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Namba ipo, unauliza.

Nimeulizwa swali moja kabla ya kikao, na mama mmoja ambaye namheshimu sana. Aliniuliza, "Mwanangu, mimi nina miaka 63, hiyo miaka 20 yako nitaiona?" Nilikosa jibu la haraka. Kwake yeye nafikiri robo ya Januari inatosha, na bima ya afya, na jina la mrithi liandikwe kila mahali. Hili la mrithi ni la wote. Nimeshuhudia mtu amekufa na hela yake benki, watoto wanachangiwa jeneza, kwa sababu hakuna aliyejua. Jaza jina kwenye fomu. Mwambie mtu mmoja wapi daftari lilipo. Kiasi usimwambie. Mimi hapa sitawatajia nina vipande vingapi, naishi nyumba ya dirisha la mbao.

Ila nitawaambia nilivyotoa, maana mtu akikusimulia kuweka tu anakudanganya. Nilitoa 2021. Mama yangu alilazwa hospitali ya KCMC wiki tatu. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, nikasema moyoni, hiki ni kihamba, hakiuzwi. Halafu nikamtazama mama kupitia mlangoni, mguu wake umechungulia nje ya shuka, mdogo kama wa mtoto. Nikauza karibu vyote. Sijuti. Alipona, alikula Krismasi mbili zaidi na sisi. Lakini ukweli ni kwamba kama tungekuwa na bima, sehemu kubwa ya vipande vile ingekuwepo leo. Miaka yote hiyo bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na mimi nilikuwa nasema nitalipa mwakani. Nilianza upya Desemba ile ile, na robo ndogo kuliko ya 2017.

Kwa hiyo pendekezo langu, mwenyekiti, nalileta mezani ili wanachama waamue. Tusibadilishe katiba, tusilazimishe mtu. Anayetaka robo yake isifike nyumbani, leo akishahesabiwa, aiache kwenye bahasha mbele ya wote, jina juu, kiasi juu, na sahihi za washika funguo wote watatu. Jumatatu saa tatu asubuhi tunakwenda mjini pamoja, kila mtu na bahasha yake. Anayekwenda benki kwa ajili ya Januari, anakwenda benki. Anayekwenda kununua vipande, ananunua kwa jina lake mwenyewe, si la kikundi, si la mume, si langu. Nimewaletea fomu, ziko kwenye mkoba wangu mweusi pale chini ya meza. Mje na namba ya NIDA na namba ya akaunti ya benki. Ambaye hana akaunti, tutaifungua siku hiyo hiyo.

Na usiku wa leo mpaka Jumatatu, bahasha zitalala humo sandukuni, kufuli zote tatu.

Mwenyekiti, nimezidisha dakika nne, nitozeni faini. Mwenye ufunguo wa tatu amefika? Mwiteni, yuko nje anasikiliza nyama.